Baridi Haiingii

"Funga mlango, Lwidiko, baridi inaingia,"
alisema mama kila jioni ya Juni kule Bulongwa,
nami nilifunga, maana niliiona kabisa:
imeshuka Kitulo kwa miguu,
imekatiza shamba la pareto la akina Tweve,
sasa iko kizingitini, haibishi hata hodi.

Kisha Mwalimu Mahenge, fizikia, kidato cha pili,
koti la sufu lililokosa kifungo kimoja,
akainua kikombe chake cha chai mbele yetu:
"Hakuna kitu kiitwacho baridi.
Kuna joto tu, na joto huondoka."
Akachora mshale ubaoni, kutoka ndani kwenda nje.
Mmoja tu. Wa kurudi hakuuchora.

Nikafika nyumbani na mshale wangu.
"Mama, si baridi inayoingia,
ni joto linalotoka."
Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho.
"Sawa. Basi funga mlango, joto linatoka."

Komeo lile lile.

Usiku sikulala, nikawa nayachambua maneno:
njia inapanda Isyonje, kumbe imelala pale pale, apandaye ni mimi;
jua linatua, na halina pa kutua;
njaa inauma, na meno yake sijayaona.
Sentensi haikubali kukaa bila mtenda.
Isipompata humwajiri yeyote aliye karibu:
njia, njaa, kiatu kinachobana.

Alfajiri, sakitu.
Majani ya viazi meusi, kama yaliyopitishwa motoni.
Mama kasimama kati ya matuta, vitenge viwili mabegani.
"Baridi imeunguza shamba," akasema.

Imeunguza! Nilitaka kusahihisha.
Kwa hesabu ya mshale, usiku kucha shamba lenyewe
lilikuwa likitoa joto lake juu,
kwenye anga lisilo na wingu hata la dawa,
likatoa, likatoa, hadi likaishiwa.
Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyechoma.

Hesabu hiyo ni kweli. Leo naifundisha Njombe
kwa chaki yangu mwenyewe.
Lakini asubuhi ile jani liliponivunjikia kiganjani
sikuhisi kitu kilichoondoka.
Nilihisi kitu kimeniuma vidole.

Nikashika upande wa pili wa gunia.
"Mwaka huu," nikamwambia mama,
"imekuja na nguvu."