Mfongo

Mama aliota maji usiku wa Alhamisi Kuu.
Si mto, si mvua. Maji membamba kama pindo la kitenge
yakipita chini ya migomba yetu, yakigeuka kushoto
kwenye jiwe ambalo babu alinolea panga.
Akaja na taa ya simu hadi kitandani kwangu:
"Elikunda, mfongo umerudi."

Nikamwambia alale.
Mfongo ule ulikufa kabla sijaota meno.
Tuliutupia maganda, betri, kandambili zilizokatika.

Jumapili, usharikani Mbokomu, akasimama kwenye ushuhuda,
akaisimulia ndoto yake mpaka kwenye jiwe.
Mchungaji akasema, tuombe. Tukaomba.
Amina ya mama ilikuwa fupi kuliko zetu,
maana jembe alikuwa ameliacha nje,
limeegemea ukuta wa kanisa.

Mimi nina cheti cha upimaji.
Nimepima viwanja vya watu hadi Himo.
Nikasimamisha mashine yangu ya miguu mitatu,
nikachungulia, nikaandika, nikamwambia:
Maji hayapandi, Mama, hata yakiombewa.
Akacheka. Akajaza maji sufuria ya uji,
akaiweka chini, akapiga magoti, akafumba jicho moja,
akatazama ukingo unakoelekea.
"Mimi sikuota yanapanda, mwanangu.
Niliota yanapita kwa Ndesario."

Ndipo nilipojua kwa nini mfongo ulikufa.

Alianza kuchimba kule juu, kwenye kijito,
miezi mitatu, kila alfajiri, kabla ng'ombe hajadai majani.
Alichimba akiomba, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Baba, mzizi huu. Baba, jiwe hili. Baba, kiuno."
Wiki ya tano akaja Aikande, mtoto mgongoni.
Kisha vijana wawili wa bodaboda waliokosa abiria.
Kisha mwenyekiti wa kitongoji, kuulizia kibali.
Kibali tulikifuata Moshi mjini mara sita;
mara ya sita karani alimwita Bibi Mfongo
na kumvutia kiti.

Tukafika mpakani, kwenye masale,
na jembe la mama likasimama hewani.
Ng'ambo ya masale yale alikuwa Ndesario,
na neno alilomwambia baba siku ya msiba wa babu,
na jibu la baba, ambalo lilikuwa baya zaidi.
Miaka thelathini na miwili tulisalimiana kwa kukohoa.

Siku hiyo hakuchimba. Ya pili pia.
Nilimsikia jikoni akibishana:
"Siyo hilo, Baba. Nipe jiwe. Nipe hata mwamba."
Siku ya tatu akakata jani moja la isale,
akalipiga fundo, akavuka.
Mimi nikabaki na mashine yangu,
sina namba ya kuandika.

Sijui walisemezana nini. Nilisikia mlango. Mbwa.
Kimya kirefu. Halafu Ndesario akimwita mjukuu
alete sururu.
"Lete zote mbili."

Maji yalifika Jumanne, si siku ya kanisa,
wala hayakufanana na ya ndoto.
Walitangulia siafu wakikimbia,
wakafuata majani makavu, kandambili ya utoto wangu,
ndipo ulimi wa matope ukajikokota,
ukasita kwenye jiwe la babu kama mgeni anayeuliza njia,
ukageuka kushoto.

Aikande akapiga kigelegele. Mchungaji akavua viatu.
Mama alikuwa ameshapiga magoti,
basi tukanyamaza, tukainamisha vichwa.

Hakuwa anaomba.
Alikuwa ameona tundu la fuko, maji yanapotelea humo,
naye anasokota ganda la mgomba kulizibia,
akisema bila kugeuka,
"Elikunda, usifumbe macho. Lete udongo."