Pembe ya Kushoto

Trela la chipsi liliingizwa uani na wanaume wanne
kila usiku, Kariobangi, kwa mia mbili na matusi.
"Kata kulia! Kulia kwako, si kwangu!"
Ukuta wa Mama Achola bado una kovu la buluu.

Sasa Kerubo amesimama kando, kidole gumba kwenye kitufe cha rimoti.
Mota inakoroma chini ya ekseli,
gurudumu moja linatulia, la pili linazunguka,
na tani nzima ya bati, karai na mafuta
inageuka kwa adabu,
inapita lango, vidole viwili kila upande.

Wale wanne wanatazama kutoka dukani. Hakuna anayecheka.
Odanga, wa pembe ya kushoto,
anainua mkono, anaichonga hewa:
kata, kata, hapo hapo.

Kerubo anamwona.
Anaufuata mkono.