Swali la Sita

Jumamosi Takatifu, Kimilili. Mvua imepiga mabati usiku kucha,
nami nasahihisha Kidato cha Tatu
kwa kalamu nyekundu inayokohoa wino.
Eleza umuhimu wa ufufuo. Alama nane.
Wote wameandika ushindi, tumaini, msamaha,
na kosa langu la tahajia ubaoni wamelitunza vilevile.

Ila Mulongo.
Mulongo ameandika kuwa Misri walikuwa na Osiri,
akakatwa vipande, mkewe akamwokota kiungo kwa kiungo;
kuwa Babeli wanawake walimlilia Tamuzi kila kiangazi,
mvua ikirudi wakasema, karudi.
Kisha kwa penseli, pembeni:
kukhu anasema kinyonga alinyimwa ugali akatulaani tufe,
nyoka akampa, ndiyo maana huvua ngozi akaendelea.
Mwalimu, mbona hizi tunaziita ngano?

Niliandika: Nje ya swali.
Nikafuta.

Jibu ninalo. Tamuzi ni mahindi,
hufa kila mwaka wala hana tarehe.
Osiri alifungwa sanda akabaki huko huko, mfalme wa wafu.
Huyu alikufa mara moja, mbele ya liwali mwenye jina,
na waliotangulia kutangaza ni wanawake
ambao hakuna baraza lingewasikiliza;
akarudi na matundu yake, hayajaziba,
akawasha makaa ufukoni, akachoma samaki.
Mahindi hayachomi samaki.

Lakini Mulongo haulizi hayo.
Mukhwana, pacha wake, mto Kuywa ulimchukua Novemba,
ukamrudisha siku ya tatu.
Siku ya tatu, ndiyo. Nilikuwepo darajani.
Tangu hapo mtoto huyu hukaa ukingoni mwa dawati
na nusu nyingine haiweki hata kitabu.

Nimempa sita.
Mbili nimezizuia, si kwa adhabu:
mimi mwenyewe sijazipata.

Jana nilipita kwao kurudisha sufuria ya matanga.
Mama yao amepanda mpaka ukingo wa kaburi,
shamba ni dogo, afanyeje.
Miche ina majani mawili mawili.
Mulongo alikuwa amechuchumaa, anapalilia kwa vidole,
na alipoufikia mche mmoja uliootea juu ya udongo wenyewe
aliinua mkono, akaushusha,
akauacha.

Kesho kengele italia saa kumi na moja.
Nitaimba, sauti ya pili, kama kawaida.
Naamini. Karatasi yake iko mkobani, bado sijaitia sahihi.