Namba Moja Haipo

Barua ilikuja kwa bodaboda, imekunjwa mara nne:
Shindano la Shule ya Kijani, wilaya nzima ya Urambo.
Wakaguzi watafika Jumatano.
Watahesabu miti.

Miti.
Masika yaliyopita tulipanda mia nne.
Zilipigwa picha, yakagawiwa maji ya chupa,
diwani akashika jembe kama anayeshika nyoka.
Kisha mvua ikaondoka Usoke kama treni ya usiku,
bila kuaga waliolala.

Mwalimu Mkuu akanyoosha kidole kwenye mashimo matupu:
"Kateni matawi ya mtundu, mchomeke.
Yasinyauke siku moja tu, basi.
Nani atang'oa atazame mizizi?"
Na mimi, mwalimu wa hesabu,
mwenye wino mwekundu kwa kila jibu la kubahatisha,
nikatazama viatu vyangu.

Watoto wakatumwa na mapanga.
Matawi yakarudi mabegani, mabichi, yakidondosha utomvu.
Kalunde Mihayo wa darasa la sita hakwenda.
Alikaa kizingitini mwa stoo ya majembe,
daftari kifuani.

Nilimpa mimi daftari lile, Januari,
aandike zamu za kumwagilia.
Zamu ziliishia ukurasa wa tatu.
Kuanzia wa nne, aliandika vifo.

*Na. 12, mlonge. Mbuzi wa Mzee Nkwabi. Jumamosi.*
*Na. 57, mkangazi. Mchwa. Ulikuwa na majani manane.*
*Na. 58, jirani yake. Mchwa hao hao.*
*Na. 103. Mpira. Aliyepiga ni mimi.*
*Na. 140 hadi 171. Pampu iliharibika siku kumi na sita.*
*Na. 206, msederela. Sijui. Nilikaa nao, sijui.*
*Na. 300. Mkokoteni wa kuni za bani ulipita juu yake.*

Jumatano, gari la wilaya, vumbi,
na Bi. Ngollo, kalamu mbili nyweleni.
Alipita kati ya mistari polepole.
Matawi yalisimama wima
kama watoto waliokaririshwa shikamoo.
Akagusa moja. Likalala.
Hakusema kitu. Akaandika kitu.

Hapo Kalunde akampa daftari.
Mwalimu Mkuu alikohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi.
Bi. Ngollo alisoma amesimama,
akasoma amechuchumaa,
akaomba kiti.
Kengele ya uji ikalia, ikanyamaza, bado anasoma.

"Namba moja haipo," akasema.
Kalunde akatutazama sote, kwa zamu.
"Namba moja ni ule wa picha.
Nilikuta umekufa, nikaufukua.
Ulikuwa bado umevaa mfuko wake wa nailoni.
Sikujua kama ninaruhusiwa kuandika."

Kimya.
Mpishi, sufuria mkononi, ndiye aliyecheka kwanza.

Hatukushinda. Kombe lilikwenda shule yenye uzio na tangi.
Sisi tulipata toroli moja, na cheti
ambacho jina la shule limekosewa herufi mbili.
Mwalimu Mkuu amekitundika hivyo hivyo,
juu ya kalenda ya chama cha tumbaku.
Bi. Ngollo aliomba jambo moja tu:
anakili kurasa zile, kwa mkono wake,
mpaka dereva akapiga honi.

Usiku ule nililibeba daftari nyumbani.
Hai: sitini na moja. Nilijumlisha mara mbili.
Jumla ilikuwa sahihi.
Kisha nikarudi nyuma, mstari wa 140 hadi 171,
nikatoa kalamu nyekundu, kwa mazoea,
na chini ya mwandiko wake wa duara nikasahihisha:

*Pampu iliharibika siku mbili.*
*Siku kumi na nne zilizobaki, hela ya spea*
*ilikuwa kwenye droo yangu,*
*ikingoja sahihi.*