Daftari la Kizimba cha Saba

Saa kumi na moja alfajiri Randiki alinipigia simu.
Hakuniamkia. Alisema: "Mwalimu, njoo na magunia."
Nikaja na daftari pia; mkono hauachi desturi.

Ogal ilikuwa kimya kisichopendeza.
Yangeyange wamesimama ufuoni
kama wageni waliofika karamuni mapema mno.
Na ziwa kijani, si kijani cha jani,
kijani cha mchuzi uliolala.

Kizimba cha saba: sato elfu mbili mia nne.
Tuliwatia Machi, wadogo kama kucha,
leo matumbo juu, midomo wazi,
darasa zima likitamka irabu moja:
O.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote.
Hawakufika kwenye hesabu hizi.
Nikaandika tarehe. Nikaandika "wamekufa"
kisha nikaweka koma,
maana walikuwa bado wanaendelea.

Dorsila akasema ni mto:
mvua ya juzi imeosha mashamba ya Nyando,
mbolea yote ikashuka, na taka za mjini nyuma yake,
maji rangi ya strungi.
Obuya akasema ni jua.
Miaka hii ziwa lina joto la maji ya kuogeshea mtoto,
halafu upepo wa usiku ukalipindua
kama mtu anavyopindua godoro,
ya chini yakaja juu, hayana pumzi.
Afisa alifika siku ya tatu na kichupa.
Akachota, akafunga, akasema majibu wiki mbili.
Sijui wiki zake zina miezi mingapi.

Kila mtu alikuwa na mkosaji wake,
na wote, naamini, walisema kweli.

Jioni nikafungua kurasa za nyuma.
Juni: chakula, magunia kumi na mawili.
Julai: kumi na tisa.
Muuzaji alituambia lisheni, Krismasi iko karibu.
Mwandiko ni wangu, wino wa buluu.
Samaki hawakumaliza. Nani angemaliza?
Punje zilipita katikati yao, zikapita wavu,
zikalala chini, zikajenga sakafu laini, nyeusi.
Randiki alipiga mbizi, mkono ukazama hadi kiwiko,
akaibuka ananuka yai viza.
Alituambia. Ipo hapa, tarehe tisa Agosti:
"R. asema tope limezidi. Tuhamie kilindini?"
Ile alama ya kuuliza niliiweka mimi.
Chini yake, mwandiko uleule:
"Petroli ya boti ni ghali."

Tuliwafukia kwa chokaa, shimo refu kuliko Obuya.
Mtoto wa Dorsila akauliza mbona hatuwapiki.
Benki haikutuma rambirambi, ilituma tarehe.

Sasa tuna vizimba vinne, mbali, kwenye maji mazito.
Tuna kisahani cheupe, nusu tumekipaka lami,
tunakizamisha kwa kamba yenye mafundo,
tunahesabu mpaka macho yakipoteze.
Jana kilipotea fundo la tano.
Leo la tatu.

Randiki amesimama na kopo mkononi,
samaki wanarukaruka, wanamjua.
"Tulishe, Mwalimu?"
Nimetazama maji,
nimetazama anga upande wa Nandi, linavyoiva.
Nimesema: nusu.
Kisha nimeandika nusu.