Jicho Bila Pazia

Zinaida Pavlovna alinigongea mlango saa tatu usiku,
ingawa huku Apatity, mwezi wa Januari,
usiku ni neno la mazoea tu: saa tatu asubuhi
na saa tatu usiku huvaa koti moja.

"Gleb, wewe hutengeneza lifti," aliniambia.
"Lifti ina vitufe. Yangu nayo ina vitufe. Njoo."

Nikashuka, bisibisi mfukoni,
nikiisikia runinga yake tangu ghorofa ya nne:
mtu ananadi sufuria kumi na mbili,
ananadi, ananadi, sauti kwenye sitini na moja,
na bibi wa miaka sabini na nane
amejifunga shali masikioni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alikuwa ameshamaliza dawa zote anazozijua.
Betri alizitoa, akaziuma kidogo kwa meno, akazirudisha.
Rimoti aliipiga kwenye goti, kisha kwenye meza,
kisha, kwa aibu, aliiomba.
Nailoni aliyoivika tangu siku ya kuinunua
ameivua: rimoti iko uchi, imepauka,
kama mguu uliotoka kwenye plasta ya hospitali.
"Sikio la kufa," akasema, akaishia hapo.

Nikaanza kama nianzavyo kazini, kwenye umeme.
Nikachomoa plagi, nikahesabu hadi sitini,
na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi
tukaisikia saa ya ukutani.
Zinaida Pavlovna akakaa. "Afadhali iachwe hivi hivi."
Nikachomeka. Sufuria zikarudi, zote, na mifuniko yake.

Nikatoa simu, nikaielekezea rimoti kamera,
maana kamera huona tusichokiona:
nilipobonyeza, ncha yake ikapepesa,
kijinyota cheupe, kisha tena, kisha tena.
"Inaongea," nikamwambia. "Tatizo si mdomo."
"Basi ni sikio."
"Ni jicho. Hii husikia kwa jicho."
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
samaki hupumua kwa mkia.

Jicho lilikuwa pale chini ya kioo, dogo kama punje ya mtama.
Nikalifuta kwa pindo la fulana. Halikuwa na vumbi.
Ndipo nikauona mkono wangu: zambarau.
Ukuta, zambarau. Shali yake, zambarau.
Chumba kizima kimelowa maji ya bitiruti
na sote wawili tumekaa ndani yake nusu saa
bila mmoja kulitaja.

Dirishani, miche ya nyanya,
ishirini na mitatu, kila mmoja kwenye pakiti ya maziwa iliyokatwa,
na juu yake taa ambayo mwanawe Arkadi
ameituma kwa posta kutoka Perm,
mchana wa kununua.
"Umeiwasha lini?"
"Leo asubuhi." Kisha, polepole: "Asubuhi."

Nikazima taa. Nikabonyeza.
Sauti ikashuka, arobaini, ishirini, tano,
yule mnadi akabaki anafumba na kufumbua mdomo
kama mtu wa upande wa pili wa dirisha la treni.
Nilidhani kitu hupofuka kwa giza.
Hiki kilishiba mwanga
hadi neno likakosa pa kuingilia.

Nilitaka kumwambia achague. Lakini yeye
alikuwa ameshawasha taa tena, mbio mbio,
kama aliyemfunua mtoto kwenye baridi:
"Hii ina siku tisa tu duniani. Runinga itavumilia."

Tukakata boksi la chai kwa mkasi wa samaki,
tukalikunja, tukalibandika kwa plasta ya kidonda
juu ya lile jicho, mfano wa ukingo wa kofia.
Wasemao macho hayana pazia
hawajafika ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.
Sasa inatii, mradi uinamishe mkono
kama unayemrushia kuku punje.

Akanipa mche mmoja, nisioutaka.
Nikaupandisha ngazi hadi ghorofa ya tano, nikiukinga kwa kiganja,
maana lifti yetu ni mbovu tangu Jumanne.