Rangi Isiyotazamwa

Fundi Shaame amenifungulia kabati la vibao,
kila kibao kimepakwa, na nyuma yake nambari.
Nambari mimi sizijui. Nayajua majina:
damu ya mzee, maji ya kunde, samli iliyoganda,
ugoro, samawati, chungwa lililokwishaiva.
Nje, hapa Machomane, Pijo ya baba imepandishwa matofali,
haina milango, haina viti,
kama mgonjwa aliyeambiwa avue, amsubiri daktari.

"Ilikuwa rangi gani?" aliniuliza siku ya kwanza.
Swali dogo. Nikamwambia, kesho nitakuletea jibu.

Picha iliyobaki ni ya nyeusi na nyeupe.
Mgau wa duka la mafuta ya taa kasema kijani,
kijani hasa, na akaapa.
Ami Faki kasema buluu.
Dada yangu Riziki, aliyekuwa akisinzia kiti cha nyuma
kila Ijumaa tukienda Konde kwa bibi,
alifumba macho, akayafumba zaidi,
akasema anaukumbuka moto wa kiti mapajani;
rangi, hapana.
Miaka kumi na tisa gari ilipita mbele ya baraza za watu
na hakuna aliyeiona.

Sasa ngozi.
Kwetu wa makubadhi ni wengi; wa viti vya gari ni mmoja,
Bi Mize Kombo wa Wete, na cherehani yake ya miguu.
Alileta vipande viwili, akanipa ninuse kwanza.
"Ngozi haichaguliwi kwa macho. Hii ya ng'ombe,
itakunja uso, mtazeeka pamoja.
Hii rexini. Itabaki kijana
mpaka siku itakapopasuka."
Nikahesabu pesa, nikahesabu tena, nikachukua ya ng'ombe.
Ndipo akakichana kiti cha zamani apate kipimo.

Spiringi. Usumba. Kitana kimoja.
Na kutoka ndani ya usumba, zikimwagika sakafuni
kama tasbihi iliyokatika uzi,
karafuu.
Si moja mbili zilizodondoka mfukoni.
Pishi nzima, zimekauka hadi nyepesi,
bado zina vichwa.
Bi Mize akanitazama. Mimi nikautazama mkasi wake.
Wapemba wa umri wetu hatuulizani swali hilo.

Mama nilimpelekea kiganja kimoja.
Macho yake yana utando; alizijua kwa kidole gumba,
akatia moja mdomoni, akaitafuna taratibu,
kisha akacheka, yeye ambaye hajacheka tangu matanga.
"Kijivu," kasema. "Kijivu cha jivu la jana.
Aliipaka mwenyewe kwa brashi, usiku, uani.
Alisema, nataka rangi ambayo askari wa kizuizi
akiulizwa asubuhi, hana la kujibu."
Akaitema ile karafuu kiganjani.
"Nyinyi mlidhani ada za skuli zilitoka wapi?
Kwa nauli za abiria wa Mkoani?"

Basi leo nimesimama mbele ya kabati.
Riziki anataka nyeupe, tuikodishe kwa maharusi.
Kijivu kipo, kibao cha tatu kutoka chini;
nimekishika, nimekirudisha, nimekishika.
Nimeuliza: fundi, heshima ni ipi,
kumficha tena mtu, au kumtoa mchana?
Fundi Shaame hajui anaulizwa nini.
Anapangusa mikono kwa petroli, anasema
msasa unamalizika, vuli inakaribia,
na rangi haikauki kwa maneno.

Nimemwambia: mkono wa kwanza, kijivu.
Juu yake chungwa. Lililoiva.
Amesema ni kupoteza rangi, hakuna atakayekiona hicho cha chini.
Nimesema, ndivyo.

Za karafuu sikumwagiza Bi Mize kitu, wala hakuuliza.
Jana nilikwenda Wete kukijaribu kiti.
Ngozi ngumu, inanuka dukani, mshono umenyooka.
Nilipokaa, chini yangu kitu kililia kidogo,
kama mchanga kwenye meno,
na yeye akainama haraka kutafuta sindano
ambayo alikuwa ameishika.